Tulibeba chakula chetu kwenda Mwaka Kogwa

Mwaka Kogwa ni sikukuu ya mwaka mpya ya watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Usiku wa kuamkia Siku ya Mwaka nilikuwa jikoni kwa shemeji yangu, Mwanakwerekwe, hukohuko Unguja, nakaanga kuku wawili. Nilisukuma chapati ishirini, nikachemsha mayai, nikajaza hotipoti mbili na kuzifunga kwa kanga. Mume wangu aliniuliza mara moja tu kama kuna haja, maana mwenzake wa kazini, kijana mzaliwa wa Makunduchi, alikwisha kutuambia kwamba mama yake atatupokea. Nikamjibu kwamba watu wanne kumwangukia mtu tusiyemjua, tena siku ya sikukuu, si ustaarabu. Nimelelewa hivyo. Nyumbani kwetu Kilosa mama alitufundisha kwamba mtoto akienda kwa watu na njaa, ameitia aibu nyumba yake.

Nimeanza na hotipoti kwa sababu ndizo zilizonifundisha kuliko yote niliyoyaona siku ile, na niliyaona mengi.

Sisi tunaishi Dar es Salaam. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi umeme, na tuna watoto wawili: wa kiume ana miaka kumi na minne, wa kike ana tisa. Unguja tuliwahi kufika mara mbili, lakini kote ilikuwa Mjini tu: Forodhani, Darajani, kisha tunarudi bandarini. Mwaka Kogwa tulikuwa tukiusikia kwenye taarifa ya habari kila ifikapo Julai, zile picha za wanaume wanachapana mabua ya migomba, nasi tunacheka kidogo halafu tunabadili stesheni. Yule kijana ndiye aliyetuambia tuache kuutazama kwenye televisheni, twende.

Kabla ya safari kulikuwa na shida ya tarehe. Mume wangu alihitaji kuomba ruhusa kazini mapema, na kila alipouliza siku hasa, jibu lilikuwa ni Julai, tusubiri. Mwaka wa Makunduchi haufuati kalenda ya ukutani, wala haufuati mwezi mwandamo kama Idi. Ni mwaka wa Nairuzi, ule wa jua ambao watu wa pwani huunasibisha na Washirazi, jina moja na Nowruz ya Waajemi. Una siku 365 kamili, hauongezwi ile siku moja kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne unawahi kwa siku moja. Waajemi wanaipokea Nowruz yao mwezi Machi, lakini huku pwani katika karne ya 19 Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti, na sasa imekwisha kurudi nyuma hadi Julai. Haya nilikuja kuyaelewa baadaye, mzee mmoja aliponihesabia kwa vidole: miongo thelathini na sita ya siku kumi kumi, na siku tano za juu. Kwa miongo hiyo wazee walijua lini wapande na lini bahari itachafuka. Mwanangu wa kiume, ambaye hesabu humchosha sana, alikaa akamsikiliza mzee yule mpaka mwisho.

Asubuhi tulipanda daladala ya 310. Lilijaa hata pa kuweka mguu hapakuwa. Hotipoti moja nilipakata mimi, nyingine alipakata binti yangu, na kila gari liliporuka tuta tulizishika kwa mikono miwili. Tulipita Tunguu, tukapita Jozani ambako kima punju hukatiza barabara, tukafika Kitogani pale njia zinapoachana, hii ya Paje na Jambiani, hii ya Muyuni na kusini. Baada ya Muyuni nchi inabadilika. Udongo mwekundu unapungua, mawe yanatokeza juu ya ardhi, na makonde yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliuliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia tunakwenda kutazama tu. Aliniangalia, akaitazama hotipoti, akanyamaza. Ningekuwa na akili ya kusoma ule ukimya, siku yetu ingekwenda vingine.

Kijana wetu alitupokea kituoni akatupeleka moja kwa moja Kae Kuu, uwanjani, maana muda ulikuwa umekwenda. Tulisimama chini ya mti pamoja na wanawake na watoto. Mimi kwa mazoea ya kazi yangu nilianza na nguo. Wanawake wa Makunduchi wanashona kwa ajili ya siku hii. Niliona kanga za doti mpya zisizoguswa na maji, niliona magauni ya sare ya madada wanne wa nyumba moja, niliona mkono wa marinda ambao mpaka leo naushona kwa wateja wangu na sijasahau nilikouona. Wanaume upande wa pili walikuwa kinyume kabisa. Makoti ya zamani siku ya joto, suruali mbili mbili, helmeti za pikipiki, magunia yaliyofungwa kifuani kwa kamba. Wengine wamevaa magauni ya wake zao. Kila mmoja ameshika bua la mgomba.

Kisha wakaanza.

Sitaki kumdanganya mtu aliyeziona zile picha kwenye televisheni akadhani ni mchezo wa kuigiza. Wale watu wanapigana. Upande wa kusini na upande wa kaskazini wa mji wanakabiliana, mtu na mtu wake, na bua bichi la mgomba likimpata mtu mgongoni mlio wake unausikia ukiwa mbali. Vumbi linapanda. Majimaji ya mgomba yanaruka. Mabua yanapasuka, mtu anatupa kipande, anaokota jingine, anarudi. Binti yangu alianza kulia. Alinikumbatia kiunoni akaniambia, "Mama, twende nyumbani, wanauana." Na mimi mwenyewe moyo ulikuwa juu. Nilimtafuta mwanangu kwa macho nikamwona amesogea mbele na baba yake, amefunga mikono kifuani, hapepesi macho.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye jamvi karibu nasi alimwona mtoto analia. Alimvuta akamkalisha mapajani, bila kuniuliza, kama mjukuu wake.

"Usilie, mwanangu. Unamuona yule mwenye koti jeusi? Na yule anayempiga? Ni mtu na ndugu yake. Mwaka mzima wamenuniana kwa ajili ya shamba. Leo wanayatoa."

"Wakimaliza watanuniana tena?" binti yangu akauliza.

"Wakimaliza wamemaliza. Mwaka mpya hauingii na chuki ya mwaka wa zamani. Anayetoka hapa na kinyongo, huyo hakukoga mwaka."

Tuliwafuatilia wale wawili mpaka mwisho. Wazee wa mila walipoingia katikati na pigano likazimwa, yule mwenye koti jeusi aliinama mikono magotini, anahema, na yule ndugu yake akamkaribia akaanza kumbandua nyuzi za mgomba zilizomganda shingoni, moja moja. Hawakuongea. Walikwenda kukaa kwenye kivuli kimoja na mtu akawapa maji kwa kata moja. Mtoto wangu alikuwa ameacha kulia zamani. Nilimfikiria wifi yangu mmoja ambaye tulikuwa na mwaka wa pili hatusalimiani vizuri kwa jambo la mirathi ya vyombo. Nilipofika Dar nilimpigia simu. Hayo ni ya nyumbani kwetu na hayana haja ya kurefushwa hapa.

Wanawake nao wakashika zamu yao. Walizunguka uwanja kwa makundi, wanaimba, kundi hili linatupa neno na kundi lile linalirudisha. Mengi sikuyashika. Watu wa Makunduchi wana lahaja yao, Kikae, na wakizungumza wao kwa wao kwa kasi, mtu wa bara husikia Kiswahili kinachomkwepa kila anapokaribia kukikamata. Bibi alinitafsiria mawili matatu, ya mapenzi na ya majirani, mengine akakataa kwa sababu mtoto alikuwa mapajani. Hapo ndipo mume wangu alipokosea. Alinyanyua simu akaanza kurekodi kundi la wasichana karibu kabisa na nyuso zao, na mmoja akajifunika kanga na kugeuka. Kijana wetu alimshika mkono taratibu akamwambia, "Kaka, omba kwanza." Aliomba radhi, wakampokea radhi yake. Tangu hapo simu ilikaa mfukoni, na picha tulizo nazo za siku ile ni saba tu.

Kibanda kiliwashwa baadaye. Ni kibanda cha makuti makavu, kidogo. Watu wachache waliingia ndani, mzee akatia moto, makuti yakashika mara moja kwa kishindo, na waliokuwa ndani wakachomoka upande wa pili mbio huku umati unapiga kelele. Shingo zote zikageukia moshi kuangalia unaelekea wapi, maana katika moshi ndimo wanamosoma mwaka utakuwaje. Mwanangu alinong'ona kuuliza kama ni kweli. Mzee aliyekuwa mbele yetu alimsikia, akageuka. Alisema wao ni Waislamu, wanaswali, wanafunga, wanajua mwaka wao uko mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mwaka Kogwa ni mila waliyoikuta kwa wazee wao. "Wapo wanaotukataza na wapo wanaotucheka," alisema, "lakini utazame huu uwanja. Aliye Mjini kaja, aliye Dar kaja, aliyeko Uarabuni kapiga simu. Ni siku gani nyingine watoto wetu wote wanarudi?"

Baada ya hapo watu wakaanza kutawanyika kuelekea majumbani, na sisi tukafanya lile tulilolipanga. Tulitafuta kivuli, nikatandika kanga, nikafungua hotipoti. Kijana wetu alikuwa ameitwa pembeni na jamaa zake. Watoto walikuwa na njaa. Nilikuwa nimeshamega chapati ya kwanza aliporudi, na uso wake ulibadilika. Hakusema kitu zaidi ya, "Shemeji, mama anawangoja." Nikamwambia tukimaliza tutakwenda kumsalimia. Akasimama pale, hakai, haondoki. Kisha nikamwona mama yake mwenyewe anakuja. Alikuwa ametoka nyumbani kwake na kanga mbili mpya, amekuja kutufuata kwa miguu uwanjani, mtu mzima wa miaka yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye chapati. "Mmekuja na sufuria zenu?"

Nilijieleza. Nilisema hatukutaka kumsumbua, nilisema sisi ni wengi, nilisema nilidhani siku kama hii ana mambo mengi. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa. Halafu akasema, bila ukali, na mpaka leo naisikia sauti yake:

"Mwanangu, mie nimeamka usiku wa manane nikapika. Leo ndiyo Mwaka. Nyumba isiyo na mgeni leo, mwaka wake si mwema. Nikawaambia majirani, mie wageni wangu wanatoka Dar. Sasa mgeni anayekula chini ya mti na chakula chake, huyo ni mgeni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeufunga ule mzigo kwa nia njema, na mbele ya yule mama ukawa kama mlango nilioufunga usoni pake. Katika maisha yetu ya Dar, kutomhitaji mtu ni heshima. Unakwenda kwa mtu na soda zako, na mkate wako, na nauli ya kurudi mfukoni, ili mtu asije akasema. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ipo siku mwenyeji ndiye mwenye haja, na mgeni ndiye anayepaswa kutoa, na anachotoa ni kukaa tu na kula. Makunduchi siku ya Mwaka hata mtu anayepita njiani huitwa aingie. Nyumba mbili zinaweza kugombania mgeni mmoja. Sisi tulialikwa mwezi mzima kabla, tukaenda kujificha chini ya mti.

Nilianza kufunika hotipoti ili nizifiche. Yule mama akanizuia. Alizichukua zote mbili, moja akampa mwanawe, nyingine akaitia kwapani, akashika mkono wa binti yangu, akatangulia. Njiani kila aliyemuuliza alimjibu kwamba wageni wake wamemletea zawadi.

Nyumbani kwake tulikaa wanawake chumba cha nyuma na wanaume barazani. Ilikuja sinia ya wali wa nazi, samaki wa kukaanga, pweza wa nazi, mchuzi wa kuku. Kuku wangu aliwapanga juu ya wali kwenye sinia ya wanaume, na nusu ya chapati akamtuma mtoto azipeleke nyumba ya pili, kwa jirani ambaye wageni wake walikuwa wamechelewa. Chakula chetu kikawa chakula cha nyumba yake. Nilimtazama akifanya haya haraka haraka, bila kuniangalia, nikaelewa kwamba ananisitiri.

Watoto wangu hawakuwa wamezoea kula sinia moja na watu wasiowajua. Wa kike alikaa anasubiri sahani. Mtoto wa pale, rika lake, alimsogezea kipande cha samaki upande wake wa sinia, akamtolea miba kwa vidole. Wakala. Baadaye nilisikia wanacheka ua wa nyuma, wamevaa vilemba vya kanga, wanazunguka mnazi wanaimba maneno ambayo binti yangu hakuyajua maana yake.

Mimi nilikaa jikoni. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi uwanjani. Tulikuwa wanawake saba tunaosha masinia na kuongea. Wakanieleza kazi zao: mwani wanaoufunga kwenye kamba ufukweni maji yakitoka, makumbi wanayoyafukia pwani miezi kwa miezi kisha wakayaponda na kusokota kamba. Mikono yao ilikuwa migumu kuliko yangu. Walipojua nashona, walinivua ushungi kuangalia mshono wa gauni langu shingoni, wakataka kujua nilivyouzungusha. Nikawachorea juu ya meza kwa unga.

Saa kumi tuliaga. Tiketi ya boti ilikuwa ya asubuhi ya siku ya pili, tuliikata kabla ya kujua lolote. Mama alishangaa sana. Mwaka hauishi siku moja, alisema, sherehe zinaendelea siku nne, usiku kuna ngoma, na hata hivyo tumeshakosa jambo lenyewe. Jambo gani? Kuoga. Ndiyo jina la siku, alisema, mwaka unakogwa. Alfajiri watu wanakwenda pwani kujitia maji ya bahari, wanauvua mwaka wa zamani, ndipo mengine yanafuata. Sisi tulifika saa nne asubuhi na kutoka saa kumi, tukadhani tumeuona Mwaka Kogwa.

Kwa mtu anayepanga kwenda na familia, nasema hili kwa moyo wote: fika jana yake. Lala huko. Wachukulie watoto wadogo mtu wa kukaa nao kwenye pigano, au kaa nao mbali mpaka waelewe. Funika mabega, omba kabla ya kupiga picha, na ukiitwa nyumba usiyoijua, ingia, hata kama umeshiba. Onja. Kama unataka kubeba kitu, beba sukari au mchele usiopikwa, umkabidhi mwenye nyumba mkononi aamue mwenyewe.

Hotipoti hazikurudi na sisi. Aliziweka, akasema tutazifuata. Ikawa ndiyo sababu ya kurudi Julai iliyofuata, na safari hiyo tulikwenda siku mbili kabla. Alfajiri ya Mwaka tuliteremka pwani gizani na nyumba nzima. Maji yalikuwa baridi. Binti yangu alishikwa mkono na yule mwenzake aliyemtolea miba, wakaingia hadi magotini, wakajimwagia kichwani wakipiga mayowe. Mama mwenyeji alinimwagia mimi kwa mkono wake, mara tatu, mabegani.

Mwaka huu amenipigia simu mapema kuliko sisi. Wazee wamekwisha hesabu, tarehe anayo. Aliuliza tuko wangapi ili apime mchele. Nikamwambia tuko watano, mama yangu wa Kilosa anakuja, ana miaka sabini na mbili na tangu nimwambie safari hii haachi kuuliza abebe nini. Akacheka, akasema, "Mpe simu niongee naye."

Nikampa. Walizungumza karibu nusu saa. Mama alipoirudisha ile simu aliniambia anahitaji kanga mpya, doti mbili, na gauni la mkono wa marinda. Nimeshalikata. Liko mezani, nalimalizia kesho.